Pansioni inaingia, banki inakata: namna ya kudai franga ya muzee

Ndugu zangu wa Lubumbashi, kama baba ao mama anapokeaka pansioni ya CNSS (kesi ya Leta yenye kulipa pansioni) kupitia banki, soma hii mbele arudie ku gishe. Baba yangu alitoka Katuba asubuhi, akapanga laini mpaka saa sita, kufika mbele balimwambia konti ilikuwa chini ya zero, pansioni imeisha kukatwa. Na hajakopa hata franga moja! Iliniuma sana.

Anza na releve ya mwaka muzima, ni karatasi ya banki yenye kuonyesha franga zote ziliingia na zilitoka, lakini uliza kwanza kama kuichapisha kunalipwa. Shika kalamu, zungushia kila mustari banapotoa franga. "Frais de tenue de compte" ni ya kushika konti, inakatwa kila mwezi hata konti ikuwe mutupu, na TVA (kodi ya Leta) ya 16% juu yake. "Agios" ao "intérêts débiteurs" ni faida ya banki juu ya deni, na shida yote iko hapo: pansioni ikichelewa, ile ya kila mwezi inaendelea kukatwa, konti inashuka chini ya zero, deni inazaa ajio, na siku pansioni inafika banki inajilipa yenyewe kwanza. Angalia pia franga banakata ya SMS za banki na ya karte. Kwa baba tulikuta anakatwa SMS za namba ya simu alipoteza zamani.

Kisha andika barua kwa mukubwa wa ajansi, taja tarehe na kiasi cha kila mustari, omba bakuonyeshe karatasi muzee alisinya ya kukubali dekuveri (konti kushuka chini ya zero), barudishe ajio, basimamishe SMS. Peleka kopi mbili, moja bapige kashe na tarehe, ubaki nayo. Maneno ya mudomo ku gishe haina kazi. Bakinyamaza, kopi ile njo utapeleka ku Banque Centrale, yenyewe njo inachunga mabanki.

Ukitaka kuhama, usifunge konti haraka. Peleka namba ya konti mupya ku CNSS, ungoje pansioni iingie pale, njo ufunge ya zamani kwa barua. Na ile konti ya mushahara ya wakati wa kazi, fungeni pia, kuiacha tu haisimamishe makato.

Kama muzee hana nguvu ya kufika, asinye prokirasio mbele, ni karatasi ya kukupa ruhusa ya kumusimamia ku banki, bila hiyo habatakuonyesha kitu.