Mtumbwi wa gogo: jinsi nilivyofundishwa kuupanda, kuupakia na kurudi nao salama

Nimezaliwa Tukuyu, kwenye migomba na mvua, ambako maji ni ya mto na mto una daraja. Nilipoolewa Ikombe mwaka 1998 sikuwa nimewahi kukanyaga chombo chochote cha majini. Kwa wasiopajua, Ikombe ni kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya Milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa, mbele kidogo ya Matema. Ukitaka kutoka pale, ama upande mtumbwi, ama ushike njia ya miguu ya kwenye mawe. Kinamama wa Kikisi wanafinyanga vyungu, na vyungu havibebeki kichwani vikiwa kumi na tano juu ya mawe. Vinakwenda kwa maji hadi soko la Jumamosi la Lyulilo.

Aliyenifundisha ni mama mkwe. Baba mkwe alikuwa mvuvi hodari, lakini mimi ni Mnyakyusa, na kwetu mkwe wa kike hamkaribii baba wa mumewe. Hata njiani unapisha. Kukaa naye mtumbwi mmoja kusingewezekana. Siku hizi naona mabinti wengi wa milimani wanaolewa huku pwani ya ziwa na hawana wa kuwashika mkono, kwa hiyo naandika kwa ajili yao.

Kabla ya kusukuma, ukague mtumbwi ukiwa mchangani. Pitisha kiganja ndani, chini kabisa, polepole. Gogo hupasuka kwa kufuata nyuzi za mti, na ufa mwembamba utausikia kwa ngozi kabla hujauona kwa macho. Wetu wa mizigo ulikuwa wa mwembe na ulikuwa na viraka viwili vya bati vilivyopigiliwa juu ya mpira wa tairi. Kila safari tulianza na hivyo. Hakikisha kopo la kutolea maji limo na limefungwa kwa kamba. Kopo lisilofungwa ndilo la kwanza kuelea likienda zake mtumbwi ukilala.

Sasa kukaa. Mitumbwi midogo ya kuvulia ina mdomo mwembamba, unaotosha miguu tu, kwa hiyo unakalia kingo na miguu unaitumbukiza ndani. Ule wa mizigo una mdomo mpana, unakaa chini kabisa. Kwa yote miwili, ingia maji yakiwa magotini, shika kingo zote mbili, weka mguu katikati, halafu keti mara moja. Usisimame kuangalia. Wiki ya kwanza nilikaza mwili mzima kama mtu aliyebebeshwa yai, na mtumbwi ulitikisika vibaya. Mama aliniwekea mikono miwili kiunoni akasema, "Mwanangu, hapa pawe laini. Mtumbwi ukilala kushoto, uache ulale, wewe baki wima." Ndivyo ilivyo. Kiuno kifuate mtumbwi, kichwa kibaki juu ya kitovu. Ukiinama upande wa pili ili kuuzuia, ndipo unaupindua. Nilikaa siku tisa karibu na ufukwe nikitikiswa tu, bila kafi mkononi, na sijutii hata moja.

Kafi ni rahisi zaidi ya watu wanavyodhani. Anayekaa nyuma ndiye anayeongoza. Ukipiga upande wa kulia, pua inakwenda kushoto. Badala ya kuhamisha kafi kila mara na kujimwagia maji, mwishoni mwa kila pigo geuza bapa la kafi na kusukuma maji nje kidogo. Pua itanyooka yenyewe.

Mzigo unakaa chini na katikati. Tulitandika majani makavu ya migomba, vyungu vikubwa vikakaa juu yake, vidogo vikaingia ndani ya vikubwa, na kila penye nafasi tukasokomeza majani. Kitu kinachoweza kuteleza ni hatari kuliko kitu kizito, kwa sababu kinakimbilia upande ule ule mtumbwi unaolalia. Mtoto naye anakaa chini katikati, na siku hizi avae jaketi la kuokolea. Sisi hatukuwa nayo. Nawaomba msiige hilo.

Nikifika kwenye maji yenyewe ndipo nataka unisikilize zaidi. Asubuhi mapema upepo mwepesi hushuka kutoka mlimani kwenda ziwani, na jua likipanda, upepo wa ziwa nao hugeuka kuja nchi kavu. Ndiyo maana tulisukuma mtumbwi gizani, nyota zikiwa bado zipo, tukafika Lyulilo watu wakichemsha chai. Lakini kuanzia Mei hadi Agosti kuna kusi, upepo wa kutoka kusini. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 kutoka kusini kwenda kaskazini, na sisi tuko kwenye ncha ya kaskazini kabisa. Upepo ukivuma kule chini, upande wa Mbamba Bay au Malawi, mawimbi yanasafiri yakikua njiani mpaka yatufikie sisi. Unaweza kuamka Ikombe majani ya mwembe hayatikisiki, anga safi, na maji tayari yanapumua pumzi ndefu, yakipanda na kushuka bila povu. Mgeni anaona shwari. Mama alikuwa anasimama ufukweni kwa muda wa kumenya ndizi nne hivi, akitazama maji tu, asitazame miti wala mawingu. Akiona pumzi ile ndefu, vyungu vinarudi ndani, hata kama nyumbani chumvi imekwisha.

Na usijibanze karibu na miamba ukidhani ni salama. Upande wetu mlima unashuka moja kwa moja majini. Mita chache kutoka kwenye jiwe hupati chini. Wimbi likigonga mwamba linarudi, linakutana na lile linalokuja, na katikati yake maji yanaruka bila mpangilio. Kaa mbali kiasi cha sauti ya kuita mtu. Masika nayo, midomo ya mito kama Lufilyo ipite kwa mbali: mto unaleta magogo, maji ni ya tope huoni kitu, na mamba wapo.

Juni 2003 tulipinduka. Tulikuwa tumechelewa kurudi kutoka sokoni, saa sita mchana, na wimbi la ubavuni lilitukuta tukigeuza. Vyungu kumi na viwili ambavyo havikuuzwa vilizama palepale. Nilitaka kuogelea kwenda ufukweni, ulionekana karibu sana. Mama alinishika gauni akapiga kelele, "Usiache mti! Usiache mti!" Mti haukuzama. Gogo likijaa maji bado linaelea, na linaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Tulipotulia aliniagiza nishike ncha moja, tuusukume mbele na kuuvuta nyuma kwa nguvu, maji ya ndani yakaanza kumwagika kwa ncha nyingine. Maji yalipopungua nusu tukachota kwa kopo, tukiwa bado tunaogelea. Kisha mmoja akashikilia mbele, mwingine akapanda kwa nyuma, akilalia tumbo kwanza. Usipande kamwe kwa ubavuni, utajaza tena. Ilituchukua muda mrefu, mikono ilikufa ganzi, lakini tulifika Ikombe tukiwa wawili.

Fanya zoezi hilo kwa makusudi, maji yakiwa kifuani, na mtu mzima akiwa kando. Mimi nimewafanyisha wanangu wote watatu kabla sijawaruhusu kushika kafi.

Kutua ndiko wengi wanaharibu mwishoni, kwa haraka ya kufika nyumbani. Subiri nje ya mahali mawimbi yanapovunjika, pua ikitazama ufukwe. Yanakuja makubwa kadhaa, halafu yanapungua. Kubwa la mwisho likikupita, piga kafi nyuma yake bila kuacha, na mtumbwi ukigusa mchanga ruka kwa upande wa ziwani, usiruke upande wa ufukweni, maana wimbi linalofuata litakusukumia gogo miguuni. Vuta hadi mchanga mkavu, toa vyungu, pindua mtumbwi kifudifudi kivulini. Jua kali ndilo linaloupasua kuliko maji.