Kurekebisha usukani wa lori la rimoti baada ya kuweka sevo yenye nguvu

Mpwa wangu alikuja kwangu Area D, Dodoma, Jumamosi moja, lori lake kalikumbatia, sura imemkunjamana. Alikuwa ametoa sevo (mota ndogo inayogeuza matairi ya mbele) ya plastiki iliyokuja na gari akaweka ya gia za chuma, na tangu hapo lori linakwenda upande kama kaa. "Mjomba, hela yote ile, halafu limekuwa baya kuliko mwanzo!"

Nikaligeuza tumbo juu. Matairi ya mbele yamekata kushoto na rimoti hakuna aliyeigusa, sevo inanguruma kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Sevo yenyewe ilikuwa nzima. Dogo alifunga mkono wa sevo, kile kipande kinachokaa kwenye shafti yake na kusukuma usukani, kabla ya kuwasha umeme, kisha akajaribu kuficha kosa kwa trimu, kitufe cha rimoti cha kunyoosha usukani kidogo kidogo, mpaka trimu ikaisha.

Kwanza elewa umefunga kitu gani. Sevo ikiandikwa kilo 25, maana yake ni kwamba kwa mkono wa sentimita 1 inaweza kushikilia uzito wa kilo 25. Hiyo ni ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, na dumu la lita 5 juu yake. Sevo nyingi za plastiki zinazokuja na magari haya hazifiki hata theluthi ya hapo. Zile dhaifu zikigonga mwisho wa usukani mara nyingi zinakwama tu. Yenye nguvu haikubali, inaendelea kusukuma mpaka kitu kimoja kikubali kushindwa: gia, tairodi (fimbo inayounganisha usukani), au sevo yenyewe kuungua. Ya kwanza kununua mimi niliiunguza siku ileile, kwenye majabali, na Dodoma majabali hayatupungui. Nilidhani ni harufu ya kuni za jirani.

Sasa tuanze. Kaa na mpangilio huu: chuma kwanza, rimoti mwisho.

1. Tenganisha, kisha tafuta katikati

Chomoa nyaya za mota, ili lori lisije likaruka mezani ukiwa umeweka vidole kwenye gia. Liweke juu ya kopo la rangi au kipande cha tofali, matairi yote manne yaning'inie. Ng'oa mkono wa sevo kwenye shafti, na tairodi ndefu inayotoka kwenye sevo iache huru.

Kwa mkono tu, sukuma matairi ya mbele kushoto na kulia. Yanatakiwa yateleze bila kukwama. Vumbi letu jekundu likiingia kwenye bushi za usukani linasaga kama msasa, na hakuna sevo itakayotibu hilo. Safisha kwa brashi kavu. Usipake grisi wala oili pale nje, maana ikishika vumbi umejitengenezea msasa wa maji.

Halafu washa rimoti peke yake, rudisha trimu kwenye sifuri, na sabutrimu (trimu ya ndani ya menyu) pia kama rimoti yako inayo. Kabla hujawasha lori, shusha kikomo cha usukani kushoto na kulia hadi 50 hivi. Kwenye rimoti nyingi kimeandikwa EPA. Zile rahisi hazina EPA, zina kitufe cha D/R. Hicho nacho kishushe. Sasa washa lori. Sevo itajipeleka katikati yenyewe: risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, inaipa mapigo ya mikrosekunde 1,500, na kutoka hapo inazunguka upande mmoja kuelekea 1,000 na mwingine kuelekea 2,000. Katikati hiyo ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata.

2. Kufunga mkono wa sevo

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo tukae kidogo.

Hesabu meno ya shafti. Sevo nyingi za siku hizi zina meno 25, lakini zipo za 23 na za 24. Mkono wa meno 24 ukiulazimisha kwenye shafti ya 25 utaingia, tena utakaza vizuri, na kwenye jiwe la kwanza utaanza kuteleza. Kama unahitaji nyundo, umeshika mkono usio wake.

Umeme ukiwa umewaka, uchomeke mkono ili usimame wima, pembe ya digrii 90 na tairodi inayotoka kwake. Mara nyingi utakuta hauko sawa kabisa: jino hili umelala mbele, jino linalofuata umelala nyuma. Ni kawaida. Duara lina digrii 360, ukigawa kwa meno 25 unapata 14.4 kwa kila jino, kwa hiyo unaweza kukosea hadi 7.2 bila kosa lako. Ukiwa na ule mkono wa plastiki wa msalaba, jaribu pembe zote nne. Kwa kuwa 25 haigawanyiki kwa 4, kila pembe inakaa tofauti na mwenzake kwa robo ya jino, yaani digrii 3.6. Chagua iliyo karibu zaidi na wima, kata zile tatu. Kilichobaki kimalizie kwa sabutrimu, na kiwe kidogo.

Kwa nini nisisitize? Kwa sababu trimu inahamisha katikati. Ukiipeleka mbali, upande mmoja unabaki na nafasi finyu na mwingine unazidi, na lori linakata kona vizuri kushoto huku kulia linahitaji uwanja mzima. Ndiyo shida aliyokuja nayo dogo.

Skrubu ya katikati ipake tone moja la gundi ya skrubu, ile ya buluu. Iguse chuma tu. Ikiingia kwenye plastiki itaipasua.

3. Tairodi

Mkono ukiwa wima, unganisha tairodi. Matairi kama hayatazami mbele, sasa rekebisha urefu wa tairodi. Mkono uache. Tairodi nyingi zina uzi wa kulia upande mmoja na wa kushoto upande mwingine, hivyo ukiizungusha kwa spana ndogo inarefuka au kufupika bila kuichomoa.

Chukua rula. Pima umbali kati ya matairi mawili ya mbele, kwanza kwenye ncha zake za mbele, kisha kwa nyuma ya matairi hayohayo. Mimi napenda mbele pawe pafupi kwa milimita 1 au 2, kikengeza kidogo cha kuingia ndani. Lori linatulia kwenye changarawe. Ukifanya kinyume, linaingia kona haraka lakini kwenye mwendo linahangaika kama mbuzi aliyefungwa kamba.

4. Springi ya kinga

Malori mengi ya kukimbia yana kinga yenye springi kwenye mfumo wa usukani, ili tairi likigonga jiwe mshtuko usifike kwenye gia za sevo. Kinga hiyo ilipimwa kwa ile sevo dhaifu. Ukiweka ya kilo 25 nguvu yote inaishia kwenye springi: mkono unageuka, matairi yanakutazama tu. Shika matairi kwa mikono, mwambie mtu ageuze rimoti. Springi ikijikunja kabla matairi hayajakusukuma, kaza nati yake robo robo. Usikaze hadi mwisho. Malori ya kupanda mawe mengi hayana kinga hii, ruka hatua.

5. Vikomo

Lori bado liko juu ya kopo. Zima redio ya muziki, unahitaji sikio.

Geuza usukani wote kushoto, ushikilie. Ongeza EPA ya kushoto taratibu kutoka 50. Matairi yatazidi kukata, hadi ufike mahali chuma kimegusana na chuma. Sauti ya sevo itabadilika kutoka mlio mwembamba kuwa mngurumo. Hapo rudi nyuma pointi 3 hivi mpaka ngurumo ikate. Fanya kulia. Namba za pande mbili zisipolingana, usishangae. Mlio mwembamba wakati wa kupumzika ni tabia ya sevo za kidijitali, huo usikutie hofu.

Kisha kandamiza lori chini springi zote zilale, na urudie kugeuza. Tairi lililokuwa huru linaweza kugusa bodi au mkono wa chini unaoshika tairi sasa. Likigusa, punguza tena.

6. Umeme

Rudisha nyaya za mota. Ukigeuza usukani lori likazimika kidogo au taa ya risiva ikapepesa, umeme hautoshi. Sevo kubwa ikikwama inaweza kunywa ampea 3 na zaidi, na kontrola (kifaa kinachodhibiti mota na kuipa risiva umeme) nyingi za bei nafuu hazitoi kiasi hicho. Dawa ni BEC ya pembeni, kifaa kidogo cha kushusha volti, inayochukua umeme moja kwa moja kwenye betri kubwa. Ipime kwa mita kabla ya kuiunga: sevo iliyoandikwa mwisho volti 6 usiipe 7.4, na risiva nayo iangalie inavumilia ngapi. Waya mwekundu kwenye plagi ya kontrola inayoingia risiva uchomoe na uufunge tepu, vyanzo viwili visigombane. Mweusi na wa ishara viache.

7. Kiwanjani

Tulikwenda asubuhi kabla upepo haujaanza, maana upepo wa Dodoma unaweza kukudanganya kwamba gari linavuta. Chora mstari wa mita 20 ardhini. Endesha juu yake polepole na kidole usiweke kwenye usukani. Likipinda, sogeza trimu kidogo, moja moja. Likinyooka polepole lakini likavuta ukikanyaga mafuta, hilo si la usukani; kagua beringi na tairi linalokwama.

Baada ya dakika 5 gusa sevo. Uvuguvugu hauna neno. Ukishindwa kuacha kidole, zima lori na urudi kwenye vikomo.

La mpwa wangu lilitulia kwenye 84 kushoto na 91 kulia. Nilimwambia aandike namba hizo kwenye tepu ya karatasi abandike ndani ya bodi, maana rimoti ikipoteza kumbukumbu kazi yote inaanza upya. Akaandika, na chini yake akaongeza: "Mjomba asiguse."