Trekta Kuchemsha Mlimani: Angalia Mzigo, Giya na Rejeta

Kila msimu wa kusomba mahindi huku Nyanda za Juu Kusini hurudi malalamiko yaleyale: trekta lililolima bila shida sasa linachemsha likivuta tela. Mwenye trekta anamlaumu fundi, fundi anamlaumu dereva, na safari ya pili magunia yanapakiwa idadi ileile. Mara nyingi injini haijapata ubovu mpya. Kilichobadilika ni kazi.

Tupige hesabu. Magunia 50 ya kilo 100 ni tani 5. Ukiongeza uzito wa tela na wa trekta lenyewe, jumla inakaribia tani 10. Kwenye barabara ya vumbi iliyo tambarare, kuuvuta mzigo huo kunahitaji nguvu ya kilo 400 hivi. Ukifika kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, inaongezeka tani 1 nzima juu ya hizo kilo 400. Yaani kwa mwendo uleule injini inafanya kazi zaidi ya mara tatu. Katika dizeli inayoungua, takribani theluthi moja tu ndiyo inayogeuka kuwa nguvu ya kuvuta. Theluthi nyingine hivi inatoka na moshi kwenye bomba, na sehemu kubwa ya joto linalobaki lazima iondolewe na maji ya rejeta, yaani kile kifaa chenye matundu mbele ya feni kinachopoza maji ya injini kwa hewa.

Injini ya dizeli inayopozwa kwa maji hufanya kazi vizuri joto likiwa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Thamostati nyingi (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikishapata joto) huanza kufunguka kwenye 82. Sasa kumbuka kwamba Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji kwenye sufuria huchemka yakifika nyuzi 94, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni kifuniko chake, kwa sababu kinashikilia presha. Raba ya kifuniko ikikatika au springi ikilegea, maji yatachemka wakati injini bado iko kwenye joto lake la kawaida. Nimeona watu wakifunga mdomo wa rejeta kwa kitambaa na kipande cha nailoni. Huku milimani hilo ni jambo la hatari kabisa. Nunua kifuniko chenye presha iliyoandikwa kwenye kile cha zamani.

Tuje kwenye giya, maana hapa ndipo trekta nyingi zinapoharibiwa. Trekta likipanda mlima taratibu halipati upepo wa mwendo kama gari la barabarani. Hewa yote inayopita kwenye rejeta inavutwa na feni, na feni pamoja na pampu ya maji huzunguka kwa mizunguko ya injini. Dereva anayeng'ang'ania giya kubwa hadi injini inakoroma na kutoa moshi mweusi anaongeza moto ndani ya silinda, huku akipunguza hewa na maji ya kuupoza. Punguza giya kabla ya kuuanza mlima, injini izunguke kwa wepesi. Moshi mweusi usiokwisha maana yake mzigo umezidi giya uliyoweka, au chujio la hewa limeziba. Na kama hata giya ndogo haitoshi, shusha magunia mkaenda safari mbili. Dizeli ya safari ya pili ni nafuu sana ukilinganisha na silinda hedi (kile kipande cha chuma kinachofunika silinda kwa juu) iliyopinda.

Kabla ya kuondoka asubuhi, fungua boneti utazame rejeta kwa karibu, ukiweka tochi upande wa feni. Usipoona mwanga ukipenya, matundu yameziba kwa makapi ya mahindi, mbegu za nyasi na vumbi lililoshikana na mafuta. Puliza kutokea upande wa feni kuja mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Maji ya presha kali yanalaza mapezi (vibati vyembamba vya rejeta), kwa hiyo tumia mpira wa kawaida. Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: ukizama zaidi ya sentimita moja na nusu, ukaze. Angalia pia upepo wa matairi ya tela na breki zake. Breki iliyoshika ni mzigo usiouona.

Maji ya kisima chenye chumvi yanaacha ukoko ndani ya injini, na ukoko huo unazuia joto lisitoke. Weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) iliyoagizwa kwenye kitabu cha trekta. Ina dawa ya kuzuia kutu na vishimo kwenye slivu, yaani ganda la chuma ambamo pistoni inatembea. Na tafadhali usikubali thamostati iondolewe. Injini isiyo nayo hukaa baridi kwenye kazi nyepesi, dizeli haiungui vizuri, na silinda zinalika mapema.

Ikichemsha njiani, simama, weka breki na mawe kwenye magurudumu, toa giya, kisha uache injini izunguke juu kidogo ya mwendo wa chini kabisa kwa dakika chache ili maji yaendelee kutembea. Mshale wa joto ukizidi kupanda, au ukiona mvuke mwingi, zima mara moja. Mshale ukishuka ghafla wakati injini bado ni ya moto, usifurahi: huenda maji yameisha na kipima joto kimebaki hewani. Kifuniko kisiguswe hadi uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuungua. Ukishafungua, ongeza maji kidogo kidogo, kamwe si ya baridi kwa mkupuo. Kuteremka mlima kwa giya huru ili injini ipoe kumepindua matela mengi. Teremka na giya ileile uliyopandia.

Kesho yake, kabla ya kupakia tena, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au rejeta ikitoa mapovu injini ikiwashwa, huenda gasketi (pakingi) ya silinda hedi imeungua au hedi imepasuka. Trekta hilo lisivute tela hadi fundi aifungue hedi na kuipima unyoofu wake.