Kutoka Kampala hadi Kigali kwa Barabara: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuondoka

Kutoka Kampala hadi Kigali ni kilomita zipatazo 510 kwa barabara inayopita Masaka, Mbarara, Ntungamo na Kabale hadi mpaka wa Katuna, ambao upande wa Rwanda huitwa Gatuna. Anayezigawa kilomita hizo kwa mwendo wa 80 kwa saa hujiwekea saa 6 na nusu, na hapo ndipo ratiba nyingi huharibika, kwa sababu basi kwa kawaida hutumia saa 9 hadi 11. Foleni ya kutoka Kampala peke yake inaweza kula zaidi ya saa nzima, na baada ya Ntungamo barabara huanza kupanda milima ya Kigezi, yenye kona kali na ukungu wa asubuhi.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni saa yenyewe, kwani Rwanda iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Ukiondoka Kampala saa 12 asubuhi na safari ikachukua saa 10, utafika wakati Kampala ni saa 10 jioni na Kigali ni saa 9 alasiri. Wakati wa kurudi mambo hugeuka: ukiondoka Kigali saa 12 asubuhi, mwendo uleule utakufikisha Kampala saa 11 jioni, magari yakiwa yamejaa barabarani. Mwenye ndege ya jioni Entebbe asifanye safari hiyo siku hiyohiyo. Alale Kampala au Entebbe usiku uliotangulia.

Hati za kuvukia zikaguliwe siku kadhaa kabla, si asubuhi ya safari. Raia wa Uganda, Rwanda na Kenya wanaruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, ilhali wengine huhitaji pasipoti, na baadhi yao viza. Anayekwenda na gari lake abebe kadi ya usajili, barua ya mwenye gari ikiwa si lake, na bima ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika) inayotambuliwa katika nchi zote mbili. Bima hiyo huitwa kadi ya njano, jina ambalo watu hulitumia pia kwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa hiyo ni vyema kuuliza ni ipi inayotakiwa kabla ya kudhani kuwa unayo.

Dereva ajiandae pia kubadili upande wa barabara, kwa kuwa Uganda huendesha kushoto na Rwanda kulia. Kutoka Gatuna hadi Kigali ni kilomita 80 hivi za vilima na kona, na mwenye usukani wa kulia haoni vizuri mbele anapotaka kulipita lori. Binafsi ningemshauri avumilie nyuma ya lori hilo, hata akichelewa. Ni sababu nyingine ya kuondoka alfajiri, ili sehemu hiyo ipitwe mchana.

Badilisha fedha kiasi kidogo cha kukufikisha mjini. Mifuko ya plastiki, ambayo Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, itoe kwenye mizigo ukiwa bado nyumbani, kwa maana afisa akiikuta mpakani itabidi ufungue na kufunga upya kila kitu huku basi likikusubiri.