Sarafu ya Roma, glasi ya maji na ndovu wa Titus

Mteja aliitoa kwenye leso taratibu, kama anayemtoa kifaranga. "Fundi, hii ni dhahabu ya Roma." Meza yangu ya usonara iko Biashara Street, na sarafu za kale huniondolea uchovu wa pete za harusi, kwa hiyo sikumcheka. Nilifanya haya, nawe ukiletewa yako fanya vivyo hivyo.

Tindikali iweke mbali. Jiwe la kupimia pia. Sarafu halisi ukiikwaruza umeishusha bei kwa mkono wako. Chukua mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Aureus, sarafu ya dhahabu ya Warumi, ilikuwa gramu 8 hivi enzi za Julius Caesar. Mwaka 64 BK Kaisari Nero akaipunguza hadi kama 7.3. Kwa upana inakaribiana na shilingi tano yetu, ila ukipokea kiganjani unashtuka.

Sasa maji. Weka glasi yenye maji juu ya mizani, irudishe sufuri, kisha zamisha sarafu ikining'inia kwa uzi mwembamba, isiguse kioo wala chini. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba utakayoiona. Gramu 7.3 za dhahabu karibu safi zitasoma kama 0.38, jibu ni 19, yaani nzito mara 19 kuliko maji. Ya mteja wangu ilitoa 8.4. Shaba iliyopakwa.

Hata ukipata 19 usishangilie bado, maana dhahabu iliyoyeyushwa juzi nayo ni dhahabu. Kagua ukingo kwa lenzi. Mstari wa kiungo ukizunguka mzima, hiyo imemiminwa kwenye kalibu. Warumi zao walizigonga kwa nyundo.

Lakini aliyeighushi alichagua vizuri: sarafu ya Titus, mfalme wa Roma. Tukaisoma. Mbele kuna kichwa chenye taji la majani, na maandishi IMP TITVS CAES VESPASIAN AVG P M. V isome kama U pale inapostahili. IMP ni amiri jeshi mshindi, AVG ni cheo cha mfalme, P M ni kuhani mkuu. Geuza: TR P IX IMP XV COS VIII P P. Hapa ndipo tarehe ilipojificha. TR P ni mamlaka ya utribuni (madaraka ya mtetezi wa raia), yaliyohesabiwa kila mwaka, na huu ni wa 9. COS VIII, konsuli, cheo kikubwa cha serikali ya Roma, mara ya 8. Hesabu hizo mbili zinakutana mwaka 80. P P ni baba wa taifa, na hilo Mkenya hahitaji kufafanuliwa.

Katikati amesimama ndovu aliyevishwa deraya. Mwaka huo Titus alifungua Colosseum, uwanja mkubwa wa maonyesho mjini Roma, kwa michezo ya siku 100, na ndovu walipiganishwa humo. Sisi ndovu wetu yuko kwenye shilingi ishirini ya 2018, kwa sababu Katiba, ibara ya 231, imekataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa. Titus angeona tumemwonea.

Mteja alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama naweza kuitoboa iwe kidani cha mkewe. Nikaitoboa juu ya mgongo wa ndovu, shilingi mia mbili.