Somo: Kabla ya chmod, jua skripti yako inaendeshwa na nani

Wakuu, skripti ya tovuti ikigoma tu mtu anakimbilia chmod 777 (chmod ni amri ya kubadili ruhusa za faili, na 777 ni kumruhusu kila mtu kila kitu). Inakubali, ndiyo, lakini hapo kila mwenye akaunti kwenye seva anaweza kuibadilisha. Namba ije baadaye.

1. Mtafute mwendeshaji:

ps aux | grep -E 'apache|httpd|php-fpm'

Tazama safu ya kwanza, ndiyo jina la akaunti inayoendesha seva ya tovuti. Kwenye Debian na Ubuntu mara nyingi ni www-data, kwenye Red Hat ni apache. Mstari wa root (msimamizi mkuu) usikutishe, huo ni mchakato mama.

2. Piga ls -l:

-rw-r----- 1 asha asha 812 May 3 10:14 config.php

Ukiacha kistari cha mwanzo, herufi 3 ni za mwenye faili, 3 za kikundi, 3 za wengine. Kusoma (r) ni 4, kuandika (w) 2, kuendesha (x) 1, kwa hiyo hii ni 640. www-data si asha wala hayumo kwenye kikundi chake, anaangukia kwa "wengine", anaambulia sifuri. Wengi hapa wangeongeza namba. Mimi nabadili kikundi:

sudo chgrp www-data config.php

640 inabaki palepale, na nywila ya hifadhidata haisomwi na majirani.

3. Kagua folda za juu. Kwenye folda, x ni ruhusa ya kupita. Faili likiwa 644 ndani ya folda ya 700, halifikiki. Hili liliwahi kunikesha, hadi nilipoijua namei -l, inayoonyesha ruhusa za njia nzima, folda kwa folda.

Kwa kawaida folda 755, faili 644. Folda ya kupokea picha tu ndiyo umruhusu www-data kuandika, na humo PHP isiendeshwe kabisa.

MASWALI

— Mkuu, faili la PHP linahitaji x?
Hapana, linasomwa tu. CGI (skripti ambayo seva inaiendesha kama programu) ya Perl au Python ndiyo inahitaji x, pamoja na mstari wa #! juu kabisa, unaotaja mkalimani wa kuisoma.

— Yangu ni CGI, nimeweka 755, logi inasema "No such file or directory" na faili lipo!
Uliliandikia Windows? Kuna \r (alama ya Windows ya mwisho wa mstari) imejificha mwisho wa mstari wa #!, kwa hiyo kinachokosekana ni mkalimani, si faili lako. Jaribu sed -i 's/\r$//' jina.cgi

— Mbona mimi 777 ndiyo inaniletea kosa 500?
Huenda seva yako inatumia suEXEC, kinga ya Apache inayoendesha CGI kwa akaunti ya mwenye faili. Ikikuta kikundi au wengine wanaweza kuandika kwenye skripti, au kwenye folda yake, inakataa kuiendesha. Rudisha zote mbili 755.