Barua ya Kuomba Kazi: Aya ya Pili Ndiyo Yenye Uzito

Kwa nafasi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nchini Tanzania, barua huelekezwa kwa Katibu, husainiwa, kisha hupakiwa kwenye mfumo wa Ajira Portal pamoja na vyeti. Anwani yako ikae juu kulia, ya mpokeaji kushoto, na baada ya salamu uandike kichwa kinachotaja cheo kama kilivyo kwenye tangazo: "YAH: MAOMBI YA KAZI YA MHASIBU DARAJA LA II".

Aya ya pili nakusihi uipe muda kuliko sehemu nyingine yoyote. Soma majukumu yaliyoorodheshwa, chagua mawili unayoyamudu kweli, kisha uyathibitishe kwa kazi uliyoifanya. "Mimi ni mchapakazi" haimwambii msomaji lolote, ilhali "nikiwa mafunzoni katika halmashauri, niliandaa taarifa ya usuluhisho wa benki kila mwisho wa mwezi" humwonyesha mtu aliyekwisha kushika kazi. Mhitimu asiye na ajira ya awali asione haya kuyataja mafunzo hayo.

Ukurasa mmoja unatosha. Malizia kwa "Wako mtiifu", sahihi, na jina kamili kama lilivyo kwenye vyeti.